Nani Asome Kwanza

Mgonjwa anayepewa rufaa kutoka hospitali ya wilaya kwenda Mirembe, Dodoma, mara chache husafiri peke yake. Hufuatana na ndugu, pengine kaka, pengine mama mdogo, na kama usiku uliotangulia ulikuwa mgumu, hufuatana na askari. Hufuatana pia na bahasha. Ndani yake mna barua ya tabibu aliyemwona, imepigwa muhuri na kufungwa kwa gundi, na juu yake pameandikwa cheo cha anayepelekewa: Mganga Mfawidhi. Anayeishika ni ndugu. Mgonjwa huiona njia nzima, imelala mapajani mwa mwenzake ndani ya basi, naye anajua fika kwamba anayesemwa humo ni yeye.

Tuyahesabu macho yanayoipitia barua hiyo. Aliyeiandika anaijua. Muuguzi wa zamu aliyemwandaa mgonjwa kwa safari ameisoma. Huko iendako, karani wa masjala ataifungua ili afungue jalada. Muuguzi wa mapokezi ataisoma, kisha daktari, kisha wanafunzi wa udaktari watakaopita wodini kesho yake asubuhi. Ndugu, hata kama hakuifungua, yaliyomo ameshayasikia, maana yeye ndiye aliyekaa na tabibu huku mgonjwa akisubiri nje kwenye benchi. Ukimaliza kuhesabu unakuta gundi ile haikumzuia mtu yeyote isipokuwa mmoja. Siri ya mgonjwa wa akili, kwa jinsi tulivyozoea kuitunza, ni siri anayofichwa mwenyewe.

Ninachotaka kukionyesha katika sura hii ni kwamba utaratibu huo umekaa kinyumenyume, na kwamba mwenye ugonjwa ndiye anayestahili kuwa msomaji wa kwanza wa barua inayomhusu. Haya si mawazo ya mezani. Zipo nchi zilizojaribu, zikapima, na matokeo yake yanajulikana.

Kwanza tuone kwa nini barua ya daktari wa akili si sawa na barua nyingine za hospitali. Daktari wa mifupa akiandika kwamba mguu umevunjika, eksirei ipo. Daktari wa kisukari ana kiwango cha sukari kwenye damu. Ukibishana naye, mnarudi kwenye picha au kwenye namba. Skizofrenia, baipola na sonona hazina picha ya namna hiyo, wala hazina kipimo cha damu cha kuzithibitisha. Damu hupimwa, ndiyo, lakini ni kuhakikisha kwamba kinachomsumbua mtu si malaria iliyopanda kichwani, kaswende au tezi. Baada ya hapo daktari hubaki na macho yake na masikio yake. Huandika mtu alikuja amevaaje, anaongea kwa kasi gani, uso wake unasema nini, mawazo yake yanashikana au yanaachana, anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii au hasikii, anakumbuka leo ni siku gani, na mwisho, je, mwenyewe anakubali kwamba anaumwa? Maelezo hayo ndiyo kipimo. Neno likikosewa, kipimo kimekosewa, na mtu pekee aliyekuwapo wakati wote, anayeweza kusema hapa umekosea, ndiye tunayemfungia bahasha.

Tena barua huzaa barua. Kijana mmoja usiku mmoja alisukuma mlango kwa nguvu kwa sababu alifungiwa ndani na alitaka kwenda chooni. Barua ya kwanza inasema alisukuma mlango. Ya pili, iliyonakiliwa kwa haraka kutoka ya kwanza, inasema ana historia ya ukali. Ya tatu inasema ni hatari kwa wengine. Miaka sita baadaye anafika hospitali nyingine akiwa mtulivu, anatafuta tu sindano yake ya mwezi, na anashangaa kukuta walinzi wanne wamesimama mlangoni. Hajui walichosoma. Angejua, angewaeleza habari ya mlango.

Historia ya jambo hili ina mwanamke mmoja ambaye wanaopigania haki za wagonjwa wa akili wangepaswa kumfahamu wote. Elizabeth Packard aliishi Illinois, Marekani, akiwa mke wa mchungaji na mama wa watoto sita. Alianza kupingana na mumewe hadharani juu ya mafundisho ya dini. Sheria ya jimbo hilo ya 1851 ilimruhusu mume kumpeleka mkewe katika hospitali ya wendawazimu bila ushahidi uliotakiwa kwa watu wengine. Juni 1860 mume alifanya hivyo. Elizabeth alikaa miaka 3 katika hospitali ya Jacksonville chini ya mganga mkuu Andrew McFarland. Barua zilizoandikwa juu yake zilipita bila shida. Zile alizoandika yeye zilizuiwa.

Aliporudishwa nyumbani 1863, mumewe alimfungia katika chumba cha watoto na kupigilia madirisha misumari. Alifanikiwa kupenyeza barua dirishani, ikamfikia rafiki yake, na rafiki akaenda kwa jaji. Januari 1864 kesi ikasikilizwa mbele ya baraza la wazee wa mahakama. Walijadiliana kwa dakika 7 wakarudi na uamuzi: ana akili timamu. Maisha yake yaliyobaki aliyatumia kuzunguka majimbo akidai sheria, na mwaka 1872 Iowa ilipitisha sheria iliyolinda haki ya wagonjwa wa hospitali za akili kuandikiana barua na watu wa nje bila kuzuiwa. Packard alikuwa ameona mapema kiini cha jambo: pale ambapo upande mmoja unaandika na upande wa pili hausomi wala haujibu, hata mwenye akili timamu hana njia ya kujithibitisha. Mwenye kuumwa kweli atakuwa na njia gani?

Baada ya hapo palipita zaidi ya karne moja bila mabadiliko makubwa ya kumruhusu mgonjwa asome. Uingereza ilipitisha Sheria ya Kupata Kumbukumbu za Afya mwaka 1990, ikaanza kutumika Novemba 1991, na ndani yake paliachwa mlango: mgonjwa angeweza kunyimwa sehemu ambayo kuisoma kungemletea yeye au mtu mwingine madhara makubwa ya mwili au ya akili. Mlango huo ulihitajika. Ila madaktari wa akili wengi waliuchukulia kama lango kuu, kana kwamba sheria ilitungwa kwa ajili ya wagonjwa wa viungo vingine vyote isipokuwa kichwa.

Mwaka 2000 serikali ya Uingereza iliahidi katika mpango wake wa huduma ya afya kwamba barua ambazo madaktari wanaandikiana kuhusu mgonjwa, nakala zake apatiwe mgonjwa mwenyewe. Miongozo ilitoka 2003. Hapo ndipo ilipogundulika kwamba kutoa nakala ni kazi nyepesi kuliko kuandika barua inayostahili kutolewa nakala. Mgonjwa alipokea karatasi iliyomzungumzia kama mtu asiyekuwapo, imejaa vifupisho, ya daktari kwenda kwa daktari. Hugh Rayner, daktari wa figo wa Birmingham, alichukua hatua iliyofuata, ambayo ukiifikiria unajiuliza ilichelewa kwa nini: barua iandikwe kwa mgonjwa, na daktari mwingine ndiye apewe nakala. Mwaka 2018 chombo kinachounganisha vyuo vya kifalme vya madaktari wa Uingereza kilitoa mwongozo wa kuwataka madaktari wa kliniki za nje waandike hivyo.

Kugeuza huko kwa anwani kuna nguvu kuliko kunavyoonekana. Ukimwandikia mtu, huwezi kumwita "kesi hii". Huwezi kuandika kwamba ni msumbufu bila kumweleza alisumbua nini. Unalazimika kusema ulichokiona na ulichokisikia, na kuacha hukumu ambazo huna mguu wa kuzisimamisha. Mkono unaoandika unakuwa mwangalifu kwa sababu anayesoma yupo.

Wamarekani walilipima jambo hili kwa upana zaidi. Kuanzia 2010, hospitali ya Beth Israel Deaconess ya Boston, mtandao wa Geisinger wa Pennsylvania na hospitali ya Harborview ya Seattle ziliwaalika wagonjwa kusoma kwenye kompyuta maelezo ambayo daktari aliyaandika baada ya kila ziara. Walishiriki madaktari 105 na wagonjwa zaidi ya 13,500. Tom Delbanco na Jan Walker, waliouongoza utafiti huo, walichapisha matokeo 2012. Katika vituo hivyo vitatu, wagonjwa kati ya asilimia 77 na 87 waliosoma walisema wanahisi wameshika zaidi hatamu za matibabu yao. Kati ya waliokuwa wakitumia dawa, asilimia 60 hadi 78 walisema wanazimeza kwa uaminifu zaidi. Walioudhika, kuchanganyikiwa au kuingiwa na wasiwasi walikuwa kati ya asilimia 1 na 8. Na lile lililowatisha madaktari kuliko yote, kwamba foleni itavimba na simu hazitakoma, halikutokea: madaktari waliosema ziara zimekuwa ndefu hawakuzidi asilimia 5. Muda wa majaribio ulipokwisha, hakuna daktari aliyechagua kuacha.

Hao walikuwa madaktari wa kawaida wa familia, na wagonjwa wao wengi walikuwa na presha, sukari na maumivu ya mgongo. Lazima kulisema hilo, kwa sababu mtu angeweza kujibu papo hapo kwamba presha si skizofrenia. Jibu lilitafutwa. Mwaka 2013 hospitali za maveterani wa jeshi la Marekani zilifungua maelezo ya madaktari kwa wagonjwa wao, yakiwamo ya idara za afya ya akili, na mwaka 2014 Beth Israel Deaconess ikaanza majaribio katika kliniki yake ya magonjwa ya akili. Skåne, kusini mwa Sweden, iliwafungulia wagonjwa wa akili mwaka 2015. Kuanzia Aprili 2021 sheria ya shirikisho ya Marekani imewataka watoa huduma karibu wote wawape wagonjwa maelezo hayo kwa njia ya kielektroniki bila kuchelewesha, na ya daktari wa akili yamo. Kilichoachwa nje ni daftari la faragha ambalo mshauri wa tiba ya mazungumzo analiweka kando na jalada kwa matumizi yake mwenyewe.

Watafiti walizungumza na maveterani waliokuwa wakitibiwa Portland, Oregon, kuhusu namna kusoma maelezo ya matabibu wao kulivyowagusa. Wapo ambao imani yao iliongezeka. Wapo ambao ilipungua, na chanzo cha kupungua kwake ni cha kuzingatiwa sana. Mara nyingi kilichomuumiza mtu hakikuwa jina la ugonjwa. Aliumia alipokuta kwenye maandishi jambo ambalo halikusemwa chumbani. Daktari alicheka naye, akamwitikia kwa kichwa, akamwambia tunaendelea vizuri, kisha akaandika kitu kingine kabisa. Kwa hiyo hata pale uwazi ulipoleta machungu, machungu yalikuwepo tayari katika mazungumzo, yamefunikwa. Barua iliyafunua tu.

Faida nyingine ni ya usalama, na kwangu hii peke yake ingetosha. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani 2020, ukiwahusisha wagonjwa zaidi ya 22,000 waliosoma maelezo yao, ulikuta mmoja kati ya watano ameona kosa, na wapatao wanne kati ya kumi miongoni mwa hao waliliona kosa hilo kuwa zito: ugonjwa ambao hana, historia isiyo yake, dawa asiyotumia. Fikiria hilo kwa mtu anayetumia lithiamu. Dawa hiyo hukaa salama katika damu ndani ya upenyo mwembamba. Ikizidi kidogo hutetemesha, huyumbisha mwendo, na ikizidi zaidi huua figo au huua mtu. Dozi ikiandikwa vibaya kwenye barua, anayejua amemeza vidonge vingapi asubuhi ni mgonjwa. Kumwondoa yeye katika mnyororo wa wasomaji ni kumwondoa mhakiki pekee anayelala na dawa hizo nyumbani.

Sasa niweke mfano mezani, maana jambo hili huonekana vizuri zaidi katika sentensi. Mfano ni wa kubuni, lakini yeyote aliyewahi kusoma majalada atautambua. Barua ya kawaida ingesema hivi:

"Mgonjwa ni mwanamume wa miaka 34. Ni mkaidi. Anakana kusikia sauti. Hana utambuzi wa ugonjwa wake. Ameacha dawa kwa makusudi. Familia imechoka naye."

Barua ileile, ikiandikwa kwake, ingekuwa hivi:

"Tulizungumza Jumanne ukiwa na kaka yako. Uliniambia kwamba kwa sasa husikii sauti zozote. Kaka yako alisema mbele yako kwamba usiku huwa anakusikia ukijibizana na mtu asiyekuwapo. Wewe huoni kwamba unaumwa. Mimi naona bado unahitaji dawa, na hapo hatujakubaliana. Uliacha haloperidoli wiki tatu zilizopita kwa sababu ilikukakamaza shingo na kukutetemesha mikono. Hayo ni madhara ya dawa hiyo, yanajulikana, na ndiyo maana nimeipunguza na kukuongezea benzeksoli. Kaka yako anasema wamechoka kwa kukosa usingizi, na anataka uendelee kukaa nao."

Linganisha. Barua ya pili haijaficha kitu. Kutokukubaliana kumesemwa wazi, na kunasemeka, kwa sababu daktari na mgonjwa wanaweza kutofautiana bila kuvunjiana heshima. Daktari atakayeipokea amepata habari ambazo ya kwanza haikumpa: kwa nini dawa iliachwa, nani alisema nini, nyumbani kukoje. Lile neno "makusudi" la barua ya kwanza lilikuwa limeficha shingo iliyokakamaa. Wapo wanaohofu kwamba kuandika kwa ajili ya mgonjwa kutaifanya barua iwe laini na tupu. Mimi naona kinyume chake: ukali wa barua ya kwanza ndio ulioifanya tupu.

Kusoma pamoja chumbani kunafaa kuliko kumtupia mtu nakala mlangoni. Chukua mama mmoja aliyejifungua miezi miwili iliyopita, amelemewa na sonona, daktari amegeuza karatasi upande wake.

"Mama, hapa nimeandika kwamba ulijaribu kujiua. Ndivyo ilivyokuwa?"

"Hapana, daktari. Sikujaribu. Nilikuwa natamani nilale nisiamke. Mtoto alilia, nikaamka."

Kitabibu hizo ni hali mbili tofauti, na zinafuatiliwa tofauti. Zote mbili si za kupuuzwa. Kisheria tofauti ilikuwa kubwa zaidi. Nchini Kenya, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kililifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, hadi Mahakama Kuu ilipoamua Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kwa miaka yote hiyo sentensi moja ya haraka katika barua iliyopita mikono ya wengi ingeweza kumgeuza mgonjwa kuwa mshtakiwa. Dakika moja ya kumuuliza mama "Ndivyo ilivyokuwa?" ingeondoa hatari hiyo, na inampa daktari picha sahihi ya mtu aliye mbele yake.

Lakini yapo mambo magumu, na nisingependa kuyapita kwa kunyata. La kwanza ni mtu aliye katika kilele cha ugonjwa. Anayeamini kwamba wauguzi wanamtilia sumu hatasaidika leo kwa kusoma kwamba daktari anaiona imani hiyo kuwa dalili. Hapa kusubiri ni haki. Ila kusubiri kuwe na tarehe. Daktari aandike kwenye jalada: barua itasomwa na mgonjwa akitulia, tutalitazama tena Ijumaa. "Baadaye" isiyo na siku ni kunyimwa kwa jina la upole.

La pili ni zito kuliko hilo: maneno ya watu wengine. Mke amemwambia muuguzi kwa kunong'ona kwamba mumewe humpiga anapoacha dawa. Mama mkwe ametoa siri. Wakiandikwa kwa majina na mume akasoma, nani atakuwapo usiku huo nyumbani? Mtu asiyelipa uzito swali hili hafai kusikilizwa kuhusu uwazi. Njia iliyopo ni kumuuliza mtoa habari papo hapo, kabla ya kalamu kugusa karatasi: dada, hili ulilonieleza niliandike, au nilishike mimi tu? Akikataa, liwekwe kwenye karatasi ya pembeni isiyoingia katika barua ya mgonjwa. Barua iliyobaki haifungwi kwa sababu ya sentensi mbili.

Na pakitokea mvutano, awepo wa kuamua ambaye si yule aliyeandika. Hilo lilikuja kwa kesi. Graham Gaskin alilelewa chini ya halmashauri ya jiji la Liverpool baada ya mama yake kufariki, na alipokuwa mtu mzima akaomba jalada lake, akidai alitendewa vibaya utotoni. Halmashauri ilimpa kurasa zile tu ambazo waandishi wake walikubali zitolewe. Mwaka 1989 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba Uingereza ilikuwa imekiuka haki yake. Mahakama haikusema kila ukurasa utolewe. Ilisema pakosekanapo ridhaa ya aliyetoa habari, lazima kuwe na mamlaka huru ya kuamua. Gaskin hakuwa akidai faili la hospitali, lakini hoja yake inaigusa wodi ya akili moja kwa moja.

Turudi kwetu. Afrika Mashariki ina mazoea ambayo Wazungu wangeyaonea wivu kama wangeyajua: karatasi za matibabu, kwa sehemu kubwa, hubebwa na mgonjwa. Mama mjamzito anatembea na kadi yake ya kliniki. Mtoto ana kadi yenye chanjo na mstari wa uzito. Anayetumia dawa za kupunguza makali ya VVU ana kadi ya kliniki yake. Katika zahanati nyingi mtu hununua daftari la shule, daktari anaandika humo, na daftari linarudi nyumbani chini ya godoro. Hata wagonjwa wa akili wa kliniki za nje wengi wanalo. Tumekwisha kuvuka hatua ambayo Boston ilihitaji kompyuta kuivuka.

Tulichokosa ni lugha. Daktari na mgonjwa huzungumza Kiswahili mwanzo hadi mwisho, kisha daktari anainama na kuandika Kiingereza, kwa vifupisho na mwandiko usiosomeka hata kwa mwenzake. Daftari liko wazi na limefungwa palepale. Mwaka 2021 Tanzania ilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, kwa hoja nyepesi kueleweka: mtu asihukumiwe kwa maneno asiyoyaelewa. Sioni kwa nini hoja hiyo iishie mlangoni mwa hospitali. Sidai barua yote ya rufaa iandikwe kwa Kiswahili kesho. Majina ya dawa na ya magonjwa yatabaki yalivyo. Aya moja ya Kiswahili chini ya barua, mistari mitano, ikisema tumeona nini, tunafikiri ni nini, dawa ipi na ya nini, na urudi lini, ingebadili kliniki nyingi. Madaktari wa akili ni wachache na foleni ni ndefu, hilo linajulikana. Lakini mistari mitano ni mifupi kuliko kumpokea tena mgonjwa yuleyule wodini kwa sababu hakuelewa kwamba sindano ni ya kila mwezi.

Sheria haziko nyuma kama watu wanavyodhani. Kenya ina ibara ya 35 ya Katiba ya 2010 juu ya haki ya kupata taarifa, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mtu haki ya kuona data zinazomhusu na kudai zisahihishwe zikiwa na uongo. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, nayo ina haki za namna hiyo na Tume ya kuzisimamia. Hakuna mahali sheria hizi zinaposema kwamba mtu akiugua akili haki hizo zinakufa.

Umoja wa Mataifa ulikuwa umeshalisema hilo Desemba 1991, katika kanuni za kuwalinda wagonjwa wa akili. Kanuni ya 19 inampa mgonjwa haki ya kuzifikia taarifa zake katika kituo anachotibiwa. Inaruhusu kuzuia kwa sababu ya madhara makubwa kwake au hatari kwa wengine, na hapo hapo inataka aambiwe kwamba kuna kilichozuiwa na kwa nini, na kilichozuiwa apewe mwakilishi wake pale inapowezekana kwa siri. Kisha ina sentensi ambayo haifahamiki inavyostahili: mgonjwa akiandika maoni yake, na akataka yawekwe katika jalada lake, yawekwe.

Hilo halihitaji kompyuta wala bajeti. Linahitaji karatasi moja nyuma ya barua ya daktari, na karani wa masjala aliyeelekezwa kwamba karatasi hiyo haitolewi. Asiyejua kuandika aandikiwe na muuguzi, asomewe, aweke dole gumba. Anaweza kuandika kwamba hakugoma dawa. Ziliisha, na zahanati haikuwa nazo wiki mbili. Anaweza kuandika habari ya mlango. Na barua inayofuata ikiandikwa, daktari atakayelifungua jalada azikute kurasa zote mbili, ya mwenzake na ya mgonjwa, na azisome zote kabla ya kuwaita walinzi.